Mama Mkwe Kambini kwa Waliooshwa

Kabla Gregory hajawa nabii, alikuwa akiuza dawa ya panya. Milembe alimjua tangu wakati huo. Alikuwa akija sokoni Shinyanga na baiskeli, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani, anatangaza kwamba panya akionja tu hata kuaga hapati nafasi. Milembe akanunua, akaitega chini ya kabati pamoja na vipande vya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Panya wakala michembe, wakala na dawa, wakanenepa, na mmoja akazalia ndani ya gunia la mpunga. Aliporudi kumweleza, Gregory alimjibu mbele za watu kwamba panya wa nyumba hiyo wana jini.

Kwa hiyo aliposikia kwamba huko machimboni Geita ametokea mtu anaitwa Nabii Gregory, na kwamba wanaume wazima wenye ndevu na wake wanamvulia viatu, Milembe alicheka mpaka akakaa chini.

"Yule yule?" alimuuliza jirani yake Safiya. "Wa panya?"

"Yule yule, shoga yangu," alisema Safiya, mikono imejaa unga wa vitumbua. "Siku hizi ana kipaza sauti kikubwa zaidi, basi."

Wakacheka pamoja, Mkristo na Mwislamu, kwenye kibaraza cha Milembe, mtaani Ngokolo. Milembe aliacha kucheka siku aliyopata habari kwamba mkwe wake Sostenes amehamia kambini kwa Gregory, na amemchukua Eufrasia.

Sostenes alikuwa mkwe mwema. Milembe asingekubali mtu aseme vinginevyo. Kwa Wasukuma wa rika lake, na hata wa rika la Sostenes, mama mkwe na mkwilima wake, mume wa binti yake, hawashikani mikono, hawali wakitazamana, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mwanamume anaacha njia, anachuchumaa pembeni, anatazama chini na kuamkia kutoka huko huko kwenye majani. Wala si chuki. Ni heshima, na Sostenes aliishika vizuri kuliko wengi. Mwaka ule upepo ulipong'oa bati za Milembe, Sostenes alisafiri kutoka Geita na misumari yake, akasubiri kwa Safiya mpaka mama mkwe aende sokoni, ndipo akapanda juu ya nyumba. Milembe aliporudi alikuta paa limepigwa, na uani kumefagiwa. Mpaka leo, mvua ikinyesha, anamwombea.

Alikuwa mwanaapolo, mchimba dhahabu wa maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo. Siku moja duara lilitema udongo, matimba, magogo yanayozuia kuta, yakakatika, Sostenes akabaki chini. Waliomfukua walikuwa Masele na wenzake. Walichimba kwa masururu, na walipokaribia wakachimba kwa mikono wasije wakamjeruhi, mpaka kucha za Masele zikatoka. Gregory hakuchimba. Alikuwa amesimama kwenye kifusi na kipaza sauti chake, anamwamuru shetani aachie. Sostenes alipotolewa, macho meupe na mdomo umejaa vumbi, sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya Gregory. Masele alikuwa anatema mate pembeni, hana pumzi ya kusema neno.

Basi, huo ndio muujiza wote. Gregory akambatiza jina la Shahidi Aliyefufuka, na kila Jumapili akamsimamisha mbele za watu kama ng'ombe wa mnada. Watu wakaja. Milembe hakuwalaumu sana hao waliokuja. Mtu anayeshuka shimoni kila asubuhi ana haki ya kutaka kusikia kwamba kuna anayemtazama. Asichokielewa Milembe ni kwa nini mtazamaji mwenyewe lazima awe Gregory.

Wakajiita Waliooshwa. Walikatazwa shule, kwa kuwa dunia inafungwa karibuni na darasa la nne halitamfaa mtu mbinguni. Walikatazwa redio, simu, na hospitali. Walikatazwa mizani, eti kumpima mtoto uzito ni kumkagua Mungu. Kisha Gregory, ambaye hakuna aliyejua kwao ni wapi wala nani alimlea, akakataza na ukwe. Alisema hayo mambo ya kuchuchumaa majanini na kuwakwepa wakwe ni kamba za mizimu, naye amezikata. Watu wakasema amina. Amina ni rahisi pale ambapo mama mkwe yuko mbali.

Eufrasia alikuwa amesema amina na wenzake. Lakini mtoto wake wa kwanza, Minza, alimpeleka kwa bibi yake Ngokolo kimya kimya, na sare ya shule ndani ya mkoba. Milembe alipoifungua ile sare akajua binti yake hajaoshwa akaisha.

Halafu Eufrasia akapata mimba ya pili.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Minza alizaliwa kwa operesheni. Siku ile daktari aliwaambia wote wawili, mama na binti, kwamba mwingine akija asijaribiwe nyumbani hata kidogo, maana mshono unaweza kufumuka kwa ndani, na hapo atakufa mtoto na mama atamfuata. Alilisema mara ya pili kwa Kisukuma, taratibu, ili Milembe asije akasema hakuelewa. Milembe alimpenda kwa hilo.

Simu ilikuja asubuhi, namba ngeni. "Mama," sauti ya Eufrasia ilisema, "tumbo limeshuka. Nabii amesema nizalie hapa hapa." Kisha mtu akasema kitu nyuma yake, na simu ikakatika.

Safiya hakuuliza maswali. Alimshika Minza mkono, akamwekea Milembe vitumbua kwenye mfuko na kitenge kipya ambacho alikuwa amejinunulia kwa ajili ya Idi. "Cha kumpokelea mtoto," alisema. "Usinirudishie." Milembe akapanda basi la Kahama, na kutoka Kahama la Geita. Akalala kwa binamu yake mjini, na kulipokucha akamtafuta Masele, ambaye siku hizi ameacha mashimo na anaendesha bajaji.

"Kule siingii, mayu," alisema Masele, akimwita mama kwa Kisukuma. "Wakiniona wanaimba kunilaani. Ila nitakusubiri nje ya geti, hata mpaka jioni."

"Wewe ndiye uliyemtoa shimoni, na wanakulaani?"

"Mimi nilimtoa udongoni tu," alisema Masele. "Kumfufua alifanya mwingine." Akawasha bajaji.

Kambi ilikuwa nje ya mji, kwenye uwanda wa maduara yaliyokwisha dhahabu, imezungushiwa mabati chakavu. Getini alisimama kijana mwenye mshipi mweupe kiunoni na rungu mkononi. Alipomwona mwanamke mzee anashuka, alivuta pumzi akapiga kelele: "Jina la Aliyeoshwa liinuliwe!"

"Lishushwe lipumzike," alisema Milembe. "Shikamoo yako iko wapi, Abel?"

Abel akamtambua, na miguu yake ikafanya kazi kabla kichwa hakijafikiri. Rungu likaanguka, yeye akachuchumaa kando ya geti, uso chini. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu."

Abel alikuwa mmoja wa vijana waliomsindikiza Sostenes kupeleka ng'ombe wa mahari. Ng'ombe mweusi alimkanyaga kidole, na Milembe alituma kitambaa safi na maji ya chumvi apelekewe huko nje walikokaa wakwe. Anayesindikiza mahari naye ni mkwe, na mama wa binti ni mama mkwe wao wote.

Kisha Abel akakumbuka yuko wapi. Alisimama nusu, shingo imepinda ili asimtazame. "Lakini mayu, hizi salamu tumeshakatazwa. Nabii amesema ni kamba za mizimu. Na wageni hawaingii."

"Kumbe zimekatwa? Basi vizuri. Nyanyuka unipe mkono."

Akamnyoshea. Abel aliutazama mkono ule, akaficha ya kwake yote miwili nyuma ya mgongo, na akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagonga bati. Geti lilibaki halina mtu. Milembe akaingia. Hakulifikiria sana jambo lile wakati huo, mawazo yake yalikuwa kwa binti yake.

Eufrasia alikuwa kwenye kibanda cha mabati, kwenye mkeka, amekumbatia ndoo iliyofunikwa, anapumua huku ameuma meno. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri. Pembeni yake alikaa binti mwenye kilemba cheupe, anaitwa Violeth, aliyewekwa pale ahakikishe mzazi haombi dawa. Alipomwona Milembe aliruka kama mwizi, maana mkononi alikuwa na kikombe cha uji anamnywesha.

"Usiseme nimempa, bibi," alinong'ona. "Tumefunga kambi nzima."

"Sitasema. Mungu akuone, mwanangu. Endelea kumpa."

Milembe alipitisha kiganja juu ya tumbo la binti yake, chini ya kitovu, pale mshono wa zamani ulipo. Eufrasia alipiga ukelele.

"Linauma hata uchungu ukiachia?"

"Hapo hapo tu, mama. Haliachi."

Milembe alianza kumfunga khanga kiunoni ili wasimame. Ndipo nje nyayo zikaja haraka, zikafika mlangoni, zikasimama.

"Eufrasia," sauti ya Sostenes iliita. "Nani yuko humo?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Una mama wakwe wangapi?"

Nyayo zikarudi nyuma. Bati la ukuta likalia mtu alipoegemea akishuka kuchuchumaa upande wa pili. "Mwambie shikamoo," sauti ilisema, sasa ikiwa chini karibu na ardhi.

"Marahaba," alisema Milembe, kisha akamgeukia binti yake na kusema kwa sauti ya kumfikia mwenye masikio nyuma ya bati: "Mwambie mumeo nimekuja kukuchukua twende hospitali."

"Mwambie mama," bati lilijibu, "Nabii amesema mtoto atatoka kwa njia ya imani."

"Mwambie mumeo njia hiyo daktari hakuiona. Wa kwanza alitafutwa kwa kisu."

"Mwambie mama mimi mwenyewe nilitoka udongoni bila daktari."

"Mwambie mumeo hakutoka. Alitolewa. Na aliyemtoa yuko nje ya geti na bajaji."

Eufrasia, ambaye hakuwa na nafasi ya kumwambia mtu yeyote kitu chochote, aliuma khanga na kugeukia ukutani. Nyuma ya bati kulikuwa na mtu anapumua. Milembe alijua yule mtu anaogopa. Alikuwa anamwogopea Eufrasia na wakati huo huo anamwogopa Gregory, na hajui hofu ipi aitii. Angemhurumia zaidi kama kungekuwa na muda.

Kabla hajajibu, kipaza sauti kilikohoa.

Nabii Gregory alifika na kundi lake. Suti nyeupe, kilemba cheupe, viatu vyeupe vya ncha kama mdomo wa korongo, na mtoto wa mtu nyuma yake amebeba betri. Vumbi lote la uwanda ule halikuwa limemgusa. Mtu asiyefanya kazi hapati taabu kukaa msafi.

"Roho ya kizamani imeingia kambini!" alitangaza, ingawa alikuwa karibu kiasi cha kusikika hata akinong'ona.

"Ni mimi," alisema Milembe mlangoni. "Nimepita sabini. Kizamani ni kweli."

Mtu mmoja kwenye kundi alicheka kwa bahati mbaya, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Mama, tubu! Unataka kumpeleka binti huyu wakamkate?"

"Nataka kumpeleka ashonwe akishakatwa. Nyie hapa mtamwacha wazi."

"Hatuna haja ya madaktari! Mimi hapa daktari hajanigusa!"

"Fumbua kinywa," alisema Milembe.

"Nini?"

"Ulipoondoka juzijuzi kwenda mlimani kuomba, shavu lilikuwa limevimba. Umerudi limenywea na jino halipo. Mlima wa wapi huo unaong'oa meno na kuweka pamba?" Hilo alikuwa amelisikia kwa Masele njiani, maana Masele ndiye aliyemkuta Nabii kwenye foleni ya daktari wa meno Mwanza, amejifunika kanzu ya mtu mwingine.

Watu walitazama mdomo wa Nabii. Nabii aliufunga. Kwa muda aliongea kupitia puani, jambo ambalo halikukifaa kipaza sauti. Kisha akaona kwamba ubishi haumsaidii, akamgeukia Sostenes, aliyekuwa bado amechuchumaa kwenye kona ya kibanda.

"Shahidi! Ingia umtoe huyo mama."

"Baba," alisema Sostenes bila kuinua uso, "huyo ni mama mkwe wangu."

"Ukwe ni kamba ya mizimu! Si nilikwisha kuikata?"

"Umeikata, Baba."

"Basi ingia!"

Sostenes akasimama. Akapiga hatua moja, akaona pindo la khanga ya Milembe mlangoni, magoti yakakunjika yenyewe akarudi chini. Gregory akawaita wengine kwa majina, wale vijana wa mishipi meupe. Kila aliyeitwa alimtazama Sostenes, akatazama chini. Nusu yao walikuwa wamefuata ng'ombe wale wa mahari. Nusu nyingine walikuwa na mama wakwe zao wenyewe, Ushetu, Kahama, Shinyanga, na kila mmoja alikuwa anafikiria wake.

Ndipo Milembe alipokumbuka mikono ya Abel nyuma ya mgongo. Akaelewa ana nini mkononi mwake.

"Mwanangu Sostenes," alisema kwa upole mkubwa, "Nabii wako amesema kweli. Kamba imekatwa. Njoo basi unishike mkono. Au njoo unikumbatie kabisa, kama Wazungu."

Mguno ulipita kwenye kundi, wa watu waliosikia neno chafu.

"Hutaki? Abel yuko wapi? Na wewe kijana mwenye rungu, njoo tushikane." Kwa mkono wa kushoto alimwinua Eufrasia, akamweka kwapani. Mkono wa kulia akaunyosha mbele, kiganja wazi, na akatoka nje.

Wakarudi nyuma. Wanaume wenye vifua vya kubeba mifuko ya mawe, wanaoshuka futi kwa futi gizani bila kutetemeka, walirudi nyuma mbele ya kiganja cha bibi kizee. Mmoja alijikwaa kwenye kamba ya turubai akaanguka, akasogea kwa makalio. Wengine waliacha njia wakachuchumaa kwenye majani upande huu na huu, nyuso chini, na kutoka kwenye majani zikasikika sauti: "Shikamoo, mayu. Shikamoo, mayu."

"Marahaba, wanangu. Marahaba," alisema Milembe, anatembea. Uzito wa Eufrasia ulimlemea. Violeth alitoka mbio kibandani akamshika Eufrasia upande wa pili. Hakuna aliyemtuma.

"Mshikeni!" kipaza sauti kililia. "Mwenye imani amshike!" Betri ilikuwa inaisha, na sauti ya Nabii ikaanza kupungua na kuwa nyembamba, mpaka ikawa ile ile ya sokoni, ya baiskeli. Aliona mwenyewe kwamba hakuna atakayemsaidia. Akakimbia kupitia nyuma ya vibanda, akawatangulia getini, akashika komeo kwa mikono yake miwili. Yeye hakuwa mkwe wa mtu. Kile kiganja hakikumtisha hata kidogo.

"Hapa hapiti mtu," alisema, anahema. "Nimesema."

Milembe akasimama. Hakuwa na kitu kingine. Nguvu zake zilikuwa zimefika mwisho, na binti yake alikuwa amekunjika, kucha zimemwingia begani. Alifikiri, Mungu wangu, kwa geti hili tu? Kwa huyu tu?

Chupa ya Eufrasia ikapasuka. Maji yalishuka kwa kishindo, yakatawanyika kwenye udongo mkavu, na yakaloweka viatu vile vyeupe vya ncha.

Sasa, kati ya mambo yote aliyoyatunga Gregory, moja lilikuwa hili: mwanamume akiguswa na maji ya uzazi ananajisika, hana ruhusa kusimama mbele za watu kuhubiri mpaka mwezi uandame. Alilitunga ili akina mama wasimkaribie na mahitaji yao. Kambi nzima ilikuwa imelikariri. Nabii alitazama viatu vyake, akaruka kama aliyekanyaga siafu, mguu huu, mguu huu, akishika kilemba, na komeo akaliacha.

"Amenajisika!" alisema mwanamke mmoja nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imekuja.

Violeth alifungua geti kwa bega.

Masele aliwaona, akarudisha bajaji kinyumenyume mpaka kwenye miguu yao. Alivua koti lake akalitandika kwenye kiti, na njia nzima alikwepa mashimo moja baada ya jingine kama anabeba mayai, huku akimwambia Eufrasia, "Hili kubwa, jishike. Hili dogo. Basi, limepita."

Hospitalini muuguzi mmoja mnene, ambaye Milembe hakuwahi kumjua jina, aliweka mkono juu ya mshono, akaacha kutabasamu, akasukuma kitanda mwenyewe bila kungoja mtu. Baadaye daktari alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni, akasema mshono ulikuwa umeshaanza kuachia upande mmoja. Wangekaa kule kambini mpaka adhuhuri, wasingekuwa na sababu ya kuja. Mtoto ni wa kiume. Wote wawili wapo. Milembe alimshika daktari mkono, na hakuuachia mpaka yule kijana akacheka na kusema, "Bibi, nina mwingine ndani ananingoja."

Asubuhi iliyofuata Eufrasia alikuwa amelala chali, mtoto kifuani ndani ya kitenge cha Safiya. Violeth, ambaye hakuwa amerudi kambini na hakusema kama atarudi, alikuwa anamchania nywele. Habari zilikuwa zimeshafika kwa wauza chai wa getini: Nabii ametangaza kwamba alijinajisi kwa makusudi, akabeba najisi ya mtoto mwilini mwake, na ndiyo maana mtoto amezaliwa salama. Anataka mtoto apelekwe kambini awekewe mikono. Wengi kambini, walisema wauza chai, wameamini.

"Hata viatu vyake vimefanya muujiza," alisema Milembe.

"Mama, usinichekeshe. Mshono."

Kupitia dirishani Milembe alimwona Sostenes. Alikuwa amesimama uani chini ya kivuli cha tangi la maji, mshipi mweupe bado kiunoni, anatazama mlango wa wodi na hasogei. Milembe alimjua. Angesimama pale mpaka Jumapili kama mama mkwe hajatoka. Alichukua khanga yake, akapita mlango wa nyuma wanakoanikia mashuka, akakaa kwenye ngazi chini ya dirisha. Hakuwa anasikiliza. Dirisha tu lilikuwa wazi.

Alisikia viatu vikiingia. Kisha sauti ya Sostenes, iliyonyooka kama ya mtu aliyekaririshwa: "Nabii amenituma. Anasema kwa kuwa mtoto huyu amekombolewa kwa—"

"Mshike kwanza," alisema Eufrasia.

"Niongee kwanza, Mama Minza."

"Mshike."

Shuka zilipigwa na upepo. Yale maneno ya Nabii hayakuendelea. Milembe alisikia mwanamume mzima akivuta kamasi.

"Mimi nikitoka hapa narudi Ngokolo," alisema Eufrasia. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini haikutetemeka. "Minza yuko shule. Na huyu atapimwa kwenye mizani kila mwezi mpaka wachoke wao. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kurudi kwa muuza sumu, mlaze mtoto hapo taratibu, uende. Sitakufuata tena mahali ambapo nimekatazwa kuishi."

"Nilikuwa nje tu, Eufrasia. Nilikuwa hapo nyuma ya bati."

"Najua ulikuwa wapi. Nilikuwa nakusikia."

Milembe alikunja khanga magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Hakujua atasikia nini, nyayo za kuondoka au kitanda kikilia mtu akikaa. Alichosikia ni kitambaa kikivutwa, fundo likifunguliwa, na kitu chepesi kikianguka sakafuni.

Kisha Sostenes akauliza, kwa sauti ya chini yenye wasiwasi:

"Mama katokea mlango gani? Nataka kwenda kumtafutia chai, nisije nikakutana naye."

Eufrasia alianza kucheka, akashika tumbo, akalia kwa maumivu, na akashindwa kuacha.